Mashujaa wa Karatasi Hafifu: Juu ya Kukusanya Matoleo ya Zamani ya Hadithi za Picha

Wachunguzi wa Kiswahili wamekuwa na bidii kubwa ya kumtafuta shujaa aliyeandikwa kwa hati za Kiarabu, wala hawakuona taabu kumfuata mpaka ndani ya masanduku ya wazee wa pwani. Walakini shujaa aliyechapwa kwa mashine juu ya karatasi hafifu, akauzwa kando ya njia kwa bei ndogo, hakufuatwa kwa bidii kama hiyo. Huyo aliachiwa watoto wa shule, makondakta wa mabasi na wauza karanga. Wale wawili wakamsoma, na wa tatu akafungia bidhaa yake. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kukusanya matoleo ya zamani ya hadithi za picha si mchezo wa watu wenye nafasi, bali ni kazi ya elimu ya lugha, na kwamba kuichelewesha kuna hasara isiyolipika.

Yafaa kuanza na shujaa wa kale, kwa kuwa yeye ndiye kipimo. Fumo Liyongo alikuwa mtu wa nguvu zisizo za kawaida, na silaha za watu hazikumdhuru. Alikuwa na mahali pamoja tu pa kufia, napo ni kitovu, na chombo kimoja tu cha kumwua, nacho ni sindano ya shaba. Tena siri hiyo ilitolewa kwa mwanawe, na kwa mkono wa mwanawe akafa. Habari zake zilichapwa na Edward Steere mwaka 1870, na utenzi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya hati za tungo za namna hiyo na kuzihifadhi katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikachapwa mwaka 1970. Leo mwanafunzi akitaka kulinganisha beti za hati moja na nyingine, anayo mahali pa kuanzia. Anapo mahali hapo kwa sababu watu wachache waliamini kwamba karatasi kuukuu ina thamani kabla ya mtu mwingine yeyote kuamini hivyo.

Katika Marekani shujaa wa karatasi alipata bahati ya namna nyingine. Superman alitokea mara ya kwanza katika toleo la kwanza la Action Comics, la Juni 1938, lililouzwa kwa senti 10. Naye, kama Liyongo, ni mtu asiyedhurika ila kwa kitu kimoja, jiwe la nchi alikozaliwa. Watoto walisoma toleo hilo, wakalikunja, wakabadilishana, na mama zao wakalitupa. Katika vita kuu ya pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa wingi ili zitengenezwe upya, na magazeti ya watoto yakaenda pamoja na nyingine. Kwa hiyo nakala zilizosalia ni chache, na uchache huo ndio uliozaa bei. Mwaka 2024 nakala moja ya toleo hilo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6.

Watu wengi husimama katika bei hiyo na kustaajabu, kisha wasiseme neno zaidi. Jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni desturi iliyoletwa na bei. Tangu mwaka 2000 ipo kampuni ya Marekani inayopima hali ya nakala, ikaipa daraja kutoka 0.5 mpaka 10, kisha ikaifunga ndani ya kasha gumu la plastiki. Nakala iliyokwisha kufungwa haiwezi kufunguliwa bila kupoteza daraja lake. Maana yake ni kwamba kitabu cha thamani kuliko vyote ni kile kisichoweza kusomwa. Kwa mfanyabiashara hilo halina kosa, lakini mwanachuoni hawezi kulifuata. Hati ya utenzi yenye madoa ya mafuta ya taa, yenye jina la mwenyewe pembeni na maombi ya dua mwishoni, humweleza mchunguzi nani aliyeisoma na kwa nini. Vivyo hivyo nakala chafu ya hadithi ya picha, yenye majina matatu ya watoto juu ya jalada, ina ushahidi ambao nakala safi imeukosa. Basi elimu ya ukusanyaji yafaa iazimwe kwa Wamarekani, lakini kipimo chao cha thamani kiachwe huko huko.

Elimu yenyewe si ndogo. Mkusanyaji hodari hutambua mkono wa mchoraji hata pasipokuwa na jina, hujua mwaka wa toleo kwa bei iliyochapwa na matangazo yaliyomo, na hutofautisha chapa ya kwanza na ya pili kwa rangi ya wino. Zaidi ya yote, anajua ni nambari gani inayokosekana. Hadithi ya picha ya kishujaa hutolewa kwa vipande. Shujaa huachwa ukingoni mwa shimo katika toleo moja, akaokolewa katika toleo la pili. Nambari moja ikipotea, hadithi ina pengo, kama vile utenzi uliopoteza kurasa za katikati. Mhariri wa tenzi na mtafutaji wa matoleo ya nyuma wafanya kazi moja, ila mmoja huitwa mwanachuoni na mwingine huitwa mtu wa mapenzi yake.

Afrika Mashariki haikukosa shujaa wa namna hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilienea gazeti la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey, na ndani yake Lance Spearman, aliyejulikana kwa wasomaji kwa jina la Spear. Hakuchorwa, alipigwa picha, na aliyeigiza sura yake ni Jore Mkwanazi. Alivaa kofia nzuri na tai ya kipepeo, akavuta sigara kubwa, akawashinda waovu mfano wa Rabon Zollo, akisaidiwa na Sonia, kijana Lemmy na Kapteni Victor. Mwafrika huyu asiyeshindwa na mtu alizaliwa katika kampuni yenye asili ya Afrika Kusini, nchi ambayo wakati huo ilimnyima Mwafrika haki za raia. Matthias Krings ametumia sura ya kitabu chake African Appropriations, cha mwaka 2015, kuchunguza gazeti hilo, na hakuna budi kumshukuru.

Hata hivyo, sifa za Spear zisizibe macho. Kwa hukumu ya fasihi, yeye ni shujaa aliyepungukiwa. Hana mama, hana mwana, hana ukoo. Hakuna anayeweza kumsaliti kwa machungu, kwa sababu hakuna aliye karibu naye kiasi cha kutosha. Liyongo afa kwa sababu ana mtoto. Spear hawezi kufa kwa sababu toleo la wiki ijayo lazima liuzwe. Biashara imemwondolea mauti, na kwa kumwondolea mauti imemwondolea pia uzito. Kisha gazeti lilipokoma, naye akakoma, bila kilio wala kaburi. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mashujaa hawa wawili: shujaa wa simulizi huishi maadamu yuko mtu mmoja anayemkumbuka, bali shujaa wa karatasi huanza kufa gazeti lake linapokoma, na hufa kabisa siku inapopotea nakala yake ya mwisho.

Upungufu wa pili ni wa lugha. Spear alisema Kiingereza, tena Kiingereza safi cha darasani. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyemfurahia ilimpasa kumsimulia mwenziwe kwa Kiswahili, na yamkini simulizi hilo la mdomo lilikuwa tamu kuliko gazeti lenyewe. Faraji Katalambulla, mtungaji wa Simu ya Kifo (1965), aliiona nafasi hiyo, akatoa gazeti la Film Tanzania, lenye hadithi za picha za kupigwa kwa Kiswahili. Baadaye likaja gazeti la Sani, ambalo jina lake latokana na mianzo ya majina ya Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo zilipata umaarufu sura zilizochorwa na Philip Ndunguru, aliyefariki angali kijana katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo Christian Gregory alikwisha kumleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa muda mrefu mno, tangu miaka ya 1950.

Huenda mtu akasema kwamba Juha Kalulu na Chakubanga si mashujaa, bali ni watu wa kuchekwa. Ni kweli, na ndilo jambo la kushangaza. Kiswahili kilipoipokea hadithi ya picha, hakikumtanguliza mtu mwenye kuruka angani. Kilimtanguliza juha, mvivu na mnafiki. Majina yenyewe ni tungo fupi. Lodi Lofa ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyokwisha kukaa katika Kiswahili, lile la bwana mkubwa na lile la mtu asiye na kazi. Yakiwekwa pamoja yamchora mtu mzima kabla mchoraji hajashika kalamu. Ndumilakuwili ni nyoka asemwaye kuuma kwa pande mbili, na pia ni mtu mwenye maneno mawili. Mtaalamu wa uundaji wa majina angetafuta sana kabla ya kupata mahali pengine penye mifano mingi kama hapa.

Tena iko habari ya tanakali za sauti. Kamusi huzitaja kwa uchache na sarufi huzitia mwishoni, kwa kuwa mwandishi wa nathari ya heshima huziepuka. Hadithi ya picha haiwezi kuziepuka. Mtu akianguka majini lazima ianguke pia sauti, chubwi. Akianguka mchangani, tifu. Akianguka kwa kishindo, pu. Palipo na vita, mbio na milango inayovunjwa, mchoraji hulazimika kuandika sauti ambazo hakuna mwalimu aliyemfundisha namna ya kuziandika. Baadhi huziazima kwa Kiingereza, na baadhi huziokota barabarani. Kuhesabu ni zipi zilizoazimwa na ni zipi zilizookotwa, na katika mwaka gani, ni kazi isiyowezekana bila mfululizo kamili wa matoleo. Nakala moja yaonyesha neno tu. Miaka 20 ya nakala yaonyesha badiliko.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Kenya mwaka 2010, lilipoanza gazeti la picha la Shujaaz, lililotolewa bure kwa vijana na kuandikwa kwa Sheng. Mtu wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana mwenye kituo cha redio cha siri; nguvu yake ya ajabu ni sauti inayosikika pasipoonekana mwenyewe. Jina la gazeti ladai uchunguzi. Kiswahili chasema shujaa mmoja, mashujaa wengi. Sheng imekiacha kiambishi cha mbele, ikaleta kiishio cha wingi cha Kiingereza nyuma, tena kwa herufi z. Herufi hiyo moja yabeba ubishi wote wa lugha ya vijana wa mjini. Wako watakaochukia, na wana haki ya kuchukia; lakini aliyetupa gazeti kwa sababu ya chuki amepoteza hoja yake pamoja na hoja ya mpinzani wake. Mtupa jongoo hutupa na mti wake.

Hasara inayosemwa hapa huonekana vizuri zaidi mahali mbali na miji inayochapa magazeti. Samunge ni kijiji cha Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, katika nchi ya Watemi, ambao vitabu vya zamani huwaita Wasonjo. Lugha yao ni ya Kibantu, imezungukwa na Kimasai, na Guthrie aliipa alama ya E46. Hakutajwi Samunge hapa kwa ajili ya duka la magazeti, bali kwa sababu kijiji hicho kimegusa mambo yote mawili: shujaa wa simulizi, na karatasi inayotupwa.

Watemi wana masimulizi ya Ghambageu, aliyetoka katika mguu uliovimba wa baba yake, akafanya miujiza, akaponya wagonjwa, akafa, na kaburi lake likakutwa tupu. Yasemwa kwamba atarudi, na atawatambua watu wake kwa alama ya ntemi iliyochanjwa begani. Kuzaliwa kwa ajabu, uwezo upitao wa watu, alama ya mwilini: mpenzi yeyote wa hadithi za mashujaa ataitambua mifupa ya simulizi hili. Lakini H. A. Fosbrooke aliyeandika habari zake katika miaka ya 1950 alimwita Hambageu, na Robert F. Gray katika kitabu chake cha mwaka 1963 alimwandika Khambageu, wote kwa Kiingereza. Wasomi wanapomtaja leo, hutegemea hasa maandishi hayo. Hata tahajia ya jina imebaki na njia tatu, na msomaji wa Kiswahili huachiwa achague mwenyewe.

Jambo la pili ni la mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Ambilikile Mwasapila, aliyefariki Julai 2021, alikuwa akiwanywesha watu huko Samunge dawa ya mti uitwao mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu walikwenda kutoka Tanzania nzima na nchi za jirani, safu ya magari ikawa ya kilomita nyingi, na mwezi wa Machi ikabidi watu waombwe wasije kwanza mpaka umati upungue. Kwa miezi michache maneno Babu, kikombe na Loliondo yalikuwa katika kila kinywa. Wachoraji wa magazeti hawakunyamaza. Mwenye kikombe akawa sura ya katuni iliyotambulika bila maelezo. Kama dawa ilifaa au haikufaa, hilo lina wataalamu wake. Hapa linatazamwa jambo la lugha tu.

Tazama neno mugariga. Kwa kanuni za Kiswahili sanifu, kiambishi hicho mbele ya konsonanti huwa m, kama katika mgunga na mkwaju. Neno lingetazamiwa kuwa mgariga. Magazeti yaliandika mugariga, kwa matamshi ya mahali. Je, wachoraji wa katuni walimtilia mgonjwa wa pwani kinywani neno mugariga au mgariga? Je, kikombe kilianza lini kusimama peke yake, bila kutaja dawa wala Babu, na bado kikaeleweka? Je, neno hilo lilihamia katika mizaha ya siasa kabla ya mwaka kwisha? Maswali haya yana majibu, nayo yamechapwa tarehe kwa tarehe katika kurasa za mwaka 2011. Lakini ukurasa wa gazeti la juzi hufungia maandazi leo, na kila mwaka upitao huzipunguza nakala zilizosalia. Hivyo Samunge imo hatarini kupoteza mara mbili: shujaa wake wa kale amehifadhiwa katika lugha ya kigeni, na habari yake ya karibuni haikuhifadhiwa ipasavyo katika lugha yoyote.

Zipo hoja za kupinga ambazo si haki kuzipita. Hoja ya kwanza ni kwamba hadithi hizi nyingi ni mbaya: michoro ya haraka, matusi, wanawake kudharauliwa, mapanga yasiyo na sababu. Jambo hili halikanushiki. Walakini kuhifadhi si kusifu. Mhifadhi wa hati hakuulizwa kama kila utenzi ni mzuri. Kazi ya kuchagua ni ya mhakiki, na mhakiki hawezi kuchagua katika ghala tupu. Hoja ya pili ni kwamba wachunguzi wa nje wamekwisha kuifanya kazi hii, kwa mfano Jigal Beez aliyeandika juu ya katuni za Tanzania. Lakini kazi ya mgeni, hata ikiwa njema, haimwondolei mwenyeji wajibu; tena mwenye kusoma utani wa Sani bila tafsiri ataona mengi yasiyoonekana na mwenye kutafsiri.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Huenda mchoraji kijana, akisoma makala kama haya, akavutwa kumfanya Ghambageu kuwa shujaa wa gazeti, mwenye vazi la kubana na alama ya ntemi kifuani. Hilo lahitaji hadhari. Superman ni mali ya kampuni. Liyongo amekwisha kuwa wa fasihi. Ghambageu ni wa imani na ibada za watu walio hai. Mfano wa mifupa si ruhusa ya kuchukua mwili. Liandikwe kwanza simulizi lenyewe kwa Kitemi na Kiswahili, kwa vinywa na kwa idhini ya Watemi, kisha wao waamue kama latakiwa lichorwe.

Basi kazi iliyobaki yaweza kusemwa kwa maneno machache. Matoleo yakusanywe kwa mfululizo, wala si kwa uzuri wa jalada. Nakala zilizochakaa kwa kusomwa zisikataliwe, na maandishi ya pembeni yasifutwe. Kila nakala iandikiwe ilikopatikana na ilikopitia. Wachoraji na waandishi walio hai waulizwe, kwa kuwa wengi wao hawakutia sahihi kila kazi, na wasomaji wazee waulizwe jinsi walivyomsimulia Spear kwa Kiswahili. Wenye makabati yao nyumbani wasitazamwe kama washindani wa maktaba bali kama walinzi waliotangulia, na waandikwe katika orodha kama walivyoandikwa wenye hati za tenzi. Magazeti ya mwaka 2011 yenye habari za Samunge yatengwe mapema, na kijiji chenyewe kipelekewe nakala.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini lugha nayo ni mali. Hati za Liyongo ziliokolewa wakati zilipokuwa bado karatasi kuukuu tu machoni pa watu. Hadithi za picha zimo katika hali hiyo sasa, na hazitakaa humo kwa muda mrefu: ama zitaingia katika maktaba, ama zitakwisha.